Nywele Zinazopunguka na Sabuni ya Kuosha Kichwa

Mama mupenzi, na wewe baba vilevile, unasimama sokoni mbele ya meza ya muuzaji. Chupa za shampuu zimepangwa mbele ya macho yako, nyekundu, za kijani, za rangi ya zahabu. Juu ya moja kuna picha ya mwanamuke mwenye nywele zinazofika kiunoni. Muuzaji anakuambia, “Hii inaotesha nywele.” Nywele zako zinapunguka, na feza iliyo mukononi ni feza ya chakula cha juma hili. Utachagua chupa gani?

Watu wengi wanatuuliza neno hili katika hospitali. Tunawajibu hivi: Shampuu ni sabuni. Kazi yake ni kuondoa uchafu, jasho na mafuta ya zamani. Unywele unaouona inje ni kitu kilichokufa, kama ukucha. Hauna damu ndani yake, wala husikii uchungu kama ukiukata. Sehemu iliyo hai ni muzizi, nao umekaa ndani ya ngozi. Povu la sabuni linakaa juu ya kichwa dakika mbili ao tatu, kiisha linakwenda na maji. Haliwezi kuupa muzizi nguvu ya kuotesha. Shampuu nzuri inaweza kusafisha bila kukatakata nywele ulizo nazo, na kama ina dawa ndani yake inaweza kutuliza ngozi ya kichwa yenye mba. Maneno mengine yote ni ya picha ya chupa.

Ujue tena kwamba nywele za mutu muzima zinaanguka kila siku. Kichwa kina nywele karibu 100,000, na kama 50 hata 100 zikianguka kwa siku moja, si ugonjwa. Unywele mumoja unakua kwa miaka miwili hata sita, karibu sentimetre moja kwa mwezi ao pungufu kidogo. Kiisha unapumzika karibu miezi mitatu, unaanguka, na mwingine unaota pahali pake. Kwa hiyo, kama umekaa na misuko majuma sita, usilie siku ya kuifumua ukiona furushi la nywele mukononi. Ni zile zilizoanguka siku zote hizo, na misuko ilizishika.

Lakini kama kweli zinapunguka, usikimbilie duka. Chukua kioo, ao umwambie dada yako akutazamie kichwa, uone zimepunguka upande gani. Pahali penyewe patakufundisha kuliko muuzaji.

Kama zimepunguka kando ya uso, juu ya paji na mbele ya masikio, karibu siku zote ni kazi ya misuko. Hapa tunataka kusema sana, kwa sababu hasara hii tunaiona katika wanawake wengi, na tunaiona hata katika wasichana wa shule. Kichwa kinasukwa kwa nguvu ili misuko ikae siku nyingi. Nywele za kununua zinaongezwa, nazo ni nzito. Usiku ule musichana hawezi kulala vizuri, ngozi inavutwa, na asubuhi vipele vidogo vinatokea kwenye mizizi. Mama anamwambia avumilie, kwa kuwa kesho kutwa uchungu utakwisha. Ni kweli, uchungu unakwisha, lakini mizizi imekwisha kuumizwa. Msuko unaoumiza unang'oa. Ufumue siku ile ile, hata kama ulilipa feza, hata kama kesho ni ndoa ao Noeli.

Katika miezi na miaka ya kwanza nywele hizi zinaweza kurudi, kama ukiacha kuzivuta. Lakini kama kuvuta kukiendelea miaka mingi, muzizi unakufa na kovu linakaa pahali pake. Ngozi inakuwa laini na kung'aa, bila hata vitundu vidogo vya nywele. Hapo hakuna shampuu, hakuna mafuta, hakuna sindano ya kufufua muzizi uliokufa. Kwa hiyo umwambie yule anayekusuka alegeze kando ya uso, afanye misuko minene na mifupi, na kati ya kusuka na kusuka upumzishe kichwa majuma machache. Usisuke kwa nguvu nywele zilizonyooshwa kwa dawa, kwa maana zile zimekwisha kupoteza nguvu. Na kama dawa ya kunyoosha inachoma kichwa, uioshe mara moja. Ndani ya nyingi kuna soda kali inayoweza kuunguza ngozi. Kitambaa cha kichwa nacho kisifungwe kama kamba ya muzigo.

Kama zimepunguka katikati ya kichwa cha mwanamuke, na pahali pale panawasha ao panachoma kama pilipili, usingoje. Kuna ugonjwa unaoanza hapo na kuenea pole pole, ukiacha kovu nyuma yake. Munganga anaweza kuusimamisha kama ukifika mapema, lakini hawezi kurudisha kile ulichokwisha kula.

Kwa wanaume upara wa mbele na wa juu unatoka zaidi katika ukoo. Elisha alichekwa na vijana kwa ajili ya upara wake, lakini alibaki nabii. Kuna dawa ya kupaka inayoitwa minoxidil. Zamani ilikuwa vidonge vya kushusha damu inayopanda, na wagonjwa walionekana kuota nywele. Katika mwaka 1988 Marekani iliruhusu ile ya kupaka kwa upara wa wanaume. Inasaidia watu wengine, lakini ni lazima kuipaka sikuzote, na ukiiacha nywele zinaanguka tena. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asiitumie. Tazama mufuko wako mbele ya kuianza.

Sasa tuseme nywele zinaanguka pande zote, na kitana kinajaa kila asubuhi. Hesabu miezi kurudi nyuma. Miezi miwili ao mitatu iliyopita ulizaa? Ulikuwa na malaria kali, ao homa ya matumbo? Ulipasuliwa hospitalini? Wakati mwili unapatwa na taabu kubwa, nywele nyingi zinaingia katika kupumzika pamoja, kiisha zinaanguka pamoja. Hii inaogopesha sana, lakini mizizi ni mizima. Zinaota tena zenyewe, na katika miezi sita hata kumi na miwili kichwa kinajaa.

Angalia namna watu wanavyodanganyika hapa. Mama amezaa. Mwezi wa tatu nywele zinaanza kuanguka. Mwezi wa tano ananunua chupa ya bei kali. Mwezi wa nane anaona nywele changa kando ya uso, anafurahi, na anawaambia wamama wenzake kanisani, “Ni chupa ile!” Mama huyu hasemi uongo, ameona kwa macho yake. Lakini nywele zilikuwa zikirudi, hata kama angeosha kwa sabuni ya bei rahisi. Chupa imepata sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wake. Na jirani yake, ambaye nywele zake zinaanguka kwa sababu nyingine, atatoa feza yake bure na kukawia kuja kwetu.

Kwa maana kuna sababu nyingine. Upungufu wa damu ni moja, zaidi kwa wamama wanaopoteza damu nyingi kila mwezi. Ugonjwa wa tezi la shingo ni nyingine: mutu anasikia baridi, anachoka, nywele zinakuwa ngumu na kavu. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kilijulikana sana kwa uvimbe wa shingo, kwa sababu vyakula vyake vilikosa iode. Ndiyo maana ununue chumvi yenye iode. Kaswende nayo inaweza kuangusha nywele kwa vipande vipande, kama nguo iliyoliwa na nondo, na ugonjwa wa ukimwi unaweza kuzipunguza. Usione haya kupimwa damu. Vidonge vinavyoitwa “vitamini za nywele” vinasaidia yule tu aliyekosa vitamini ile.

Tugeuke sasa kwa watoto, na hapa tunakuomba usome pole pole. Tuseme mutoto wa miaka miwili ameachishwa ziwa kwa sababu mudogo wake amezaliwa. Nywele zake zilikuwa nyeusi. Sasa ni nyekundu, nyembamba, zimelala, na ukivuta kidogo zinatoka bila mutoto kulia. Mama anafikiri ni uchafu ao jua, anatafuta shampuu ya watoto. Umama, acha chupa. Gandamiza kidole juu ya muguu wa mutoto. Kama shimo linabaki, ana bwaki. Wanganga wanaiita kwashiorkor, jina lililotoka kwa watu wa Ghana. Cicely Williams, mwanamuke munganga aliyetumika kule, aliliandika katika mwaka 1935, nalo linasema juu ya mutoto anayeugua wakati mudogo wake anapofika. Mutoto huyu anaweza kufa ndani ya siku chache. Mulete hospitalini leo. Usimushindilie chakula kingi nyumbani kwa mara moja. Hospitalini anaanzishwa kwa maziwa ya dawa kidogo kidogo. Kwa wale walio wazima bado, feza ya chupa moja inunue maharagi, karanga, mayai na ndagala za kula pamoja na sombe. Nywele zitakuonyesha kama umefanya vizuri.

Kama mutoto wa shule ana vipande vya duara visivyo na nywele, vyenye magamba, na nywele zimekatika karibu na ngozi, huo ni ugonjwa unaofanana na ukungu unaoota juu ya mukate wa siku nyingi. Umeingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo kupaka hakutoshi. Munganga atatoa vidonge vya kumeza, kama griseofulvin, majuma sita hata nane, pamoja na chakula chenye mafuta. Shampuu ya dawa inasaidia kuzuia ugonjwa usiwaambukize ndugu zake. Mutoto mwenyewe inamusaidia kidogo tu. Kitana na kofia visishirikiwe.

Basi, kama umejitazama na bado unataka shampuu, nunua iliyo laini. Sabuni ya kufulia nguo ni kali kwa kichwa: inavimbisha nywele, zinashikamana, na unapochana zinakatika. Juu ya chupa majina ya vitu vilivyomo yanaandikwa kwa wingi wake, kile kilicho kingi kinatangulia. Kama baada ya maji unaona sodium lauryl sulfate, sabuni ile inaondoa mafuta yote, na nywele zetu ni kavu kwa asili. Povu nyingi si usafi mwingi. Shampuu ya watoto wachanga, isiyo na harufu kali, inatosha watu wengi. Chupa kubwa isiyo na jina la sifa ni bora kuliko ndogo yenye picha.

Kama una mba na kuwashwa, tafuta ile yenye ketoconazole, ao zinc pyrithione, ao selenium sulfide. Ile ya ketoconazole uitumie mara moja ao mbili kwa juma kwa muda wa majuma manne. Iache juu ya ngozi dakika tano mbele ya kuiondoa, kwa maana wengi wanaisuuza mara moja na kusema haina nguvu.

Kuosha mara moja kwa juma, ao kwa majuma mawili, kunatosha, isipokuwa kwa yule anayetoka jasho sana. Tia sabuni kidogo katika kiganja, changanya na maji, sugua ngozi kwa ncha za vidole bila kucha, na usuuze hata maji yatoke safi. Paka mafuta kidogo wakati nywele bado ni mbichi. Chana kwa kitana chenye meno mapana, ukianza kwenye ncha na kurudi kwenye mizizi.

Kama miezi sita imepita na kichwa hakijajaa, ao ukiona kovu, usaha ao vipande vitupu, uje siku ya mashauri. Fumua misuko yote usiku wa mbele, usipake mafuta asubuhi ile, na ulete chupa ulizotumia pamoja na dawa zote unazomeza, hata zile za kienyeji, ili munganga azione.