Gari jipya linapiga kelele ndani? Usikimbilie kumtumia fundi pesa

Wengi wetu hapa Kenya tunaomiliki gari tulilinunua likiwa limeshatembea Japani. Sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka 8 kuingizwa nchini, na ukishalitoa yadi maneno ya muuzaji huwa ni yale yale: umeliangalia, umelipenda, sasa ni lako. Kelele zake pia ni zako. Kwa hivyo mtu akijikaza akanunua gari jipya kabisa, la kilomita sifuri, bado anaendesha mambo yake kwa mazoea ya mitumba. Likianza kulia tu, anampigia fundi wa mtaa.

Baadaye ndipo tunasikia kutoka kwake. Anauliza kama tunaweza kumrudishia zile Sh3,500 alizomtumia fundi kwa kazi ambayo, kumbe, angefanyiwa bure na kampuni iliyomuuzia gari. Hatuwezi. Tunarudisha pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Pesa uliyomtumia mtu uliyemkusudia, kwa kiasi ulichokusudia, imefika ilikotumwa. Na pengine hizo Sh3,500 ndizo hasara ndogo. Fundi akishafungua dashibodi ya gari lililo chini ya waranti, kampuni inaweza kusema kwamba chochote kitakacholia baada ya hapo ni kazi ya huyo fundi.

Hapa hatuzungumzii injini kugonga wala breki kukwaruza. Ukipeleka gari jipya likiwa na shida ya breki, hakuna atakayebishana nawe. Shida ni ile kelele ya ndani: tik-tik-tik nyuma ya dashibodi, krii kwenye mlango, kitu kinachogonga kwenye buti kila ukipita tuta. Gari linatembea vizuri, taa zote ziko sawa, na wewe unaonekana mtu wa kulalamika. Lakini umelipa mamilioni, au benki imekulipia na unakatwa kila mwezi, na kila siku unaenda kazini ukisikiliza plastiki.

Sababu zenyewe huwa ndogo sana. Dashibodi ni vipande vingi vya plastiki vilivyoshikanishwa kwa klipu. Jua likiwaka, plastiki inatanuka. Usiku wa baridi, inajikaza. Klipu moja isipoingia sawasawa, vipande viwili vinasuguana. Waya ambao haukufungwa vizuri unagonga ukuta wa plastiki. Ongeza barabara zetu za murram zenye yale mawimbi madogo madogo, na kelele ambayo haisikiki kabisa kwenye lami inakuwa kama njuga.

Kabla hujaenda popote, toa kila kitu kwenye gari. Tunasema kila kitu: sarafu kwenye kikombe, miwani kwenye kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, chupa chini ya kiti, jeki na spana kwenye buti. Funga mkanda wa kiti kisicho na mtu, maana chuma chake hupenda kugonga plastiki ya nguzo ya mlango. Kelele nyingi zinaishia hapo, bila gharama. Isipoisha, mchukue mtu mmoja, mwende barabara ile ile inayoleta mlio, redio na feni zikiwa zimezimwa, vioo vimepandishwa. Wewe endesha. Yeye abonyeze kwa mkono, sehemu moja baada ya nyingine. Akigusa mahali mlio ukanyamaza, mmekaribia. Arekodi kwa simu (yeye, si wewe uliyeshika usukani) akitaja tarehe, mwendo, kilomita zinazoonyeshwa na kama kuna jua au baridi.

Maelezo hayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Karakana ya kampuni kwa kawaida iko mjini kwenye lami. Fundi analizungusha gari mara moja pale nje, hasikii kitu, anaandika kwamba hakuna hitilafu. Hajakudanganya, hajasikia kweli. Kazi yako ni kumsaidia asikie.

Mteja wetu mmoja, mwalimu kule Nakuru, alikubali tusimulie yaliyompata bila kumtaja jina. Gari lake lilikuwa na kilomita 1,900 lilipoanza kulia upande wa kushoto wa dashibodi. Siku ya kwanza, kijana wa mapokezi alimwambia, “Madam, hiyo ni kawaida ya gari mpya. Itazoea tu.” Hakugombana. Aliomba kadi ya kazi, ile karatasi unayosaini ukiacha gari, na akakataa kuisaini mpaka maneno yake yaandikwe: mlio, upande wa kushoto, kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa, barabara ya mawe. Wakakagua, wakaandika hawakuona shida. Alipiga picha ya karatasi hiyo kabla ya kuondoka.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na tunaelewa. Lakini hata karatasi inayosema hakuna shida ina kazi yake. Inaonyesha kwamba ulilalamika, tarehe fulani, gari likiwa na kilomita fulani. Waranti za magari mengi mapya ni za miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, ingawa baadhi ya kijitabu hutenga vitu kama plastiki za ndani na kuzipa muda mfupi zaidi. Soma ukurasa huo wa chako. Shida iliyoandikishwa ndani ya muda ina msingi wa kudaiwa hata kama ufumbuzi wake utachelewa. Shida uliyoitaja kwa mdomo tu, nani ataikumbuka?

Mara ya pili mwalimu hakuacha gari na kwenda zake. Alimwambia fundi mwenyewe, “Kijana wangu, panda twende.” Wakatoka mjini, wakaingia murram, na dakika chache tu mlio ukaanza. Waliporudi, fundi akafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria na kuchungulia ndani. Nyaya za traka zilikuwa zinaning'inia, zikigonga plastiki, na klipu moja ilikuwa imevunjika.

Traka ilikuwa sharti la mkopo. Aliyeifunga ni mtu wa nje, naye ndiye alivunja klipu. Basi jibu la karakana likawa, “Hii si yetu, Mwalimu. Rudi kwa mtu wa traka.” Mtu wa traka alipopigiwa simu, akasema alilikuta gari hivyo.

Kilichomwokoa mwalimu ni meseji. Alifungua taarifa ya miamala yake, akatafuta ile ada ya traka, akaona kwamba aliilipa siku nne kabla ya kukabidhiwa gari. Na hakuwa amemtumia mtu wa traka. Alikuwa amelipa kwa Paybill ya kampuni iliyomuuzia gari, akaunti ikiwa ni namba ya ankara ya gari lenyewe. Maana yake kampuni ndiyo iliyomuuzia traka, ndiyo iliyomwita fundi wa kuifunga, na gari likakabidhiwa likiwa na klipu iliyovunjika. Meneja aliisoma hiyo meseji mara mbili. Ukarabati ulichukua chini ya saa moja: klipu mpya, nyaya zikafungwa na kuzungushiwa utepe wa kitambaa zisigonge. Hakulipa kitu.

Je, kama angemtumia mtu wa traka moja kwa moja, kwa namba yake ya simu? Huenda angeshinda bado, lakini angekuwa katikati ya watu wawili, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Ndiyo maana tunawaambia wateja wetu: chochote kinachofungwa kwenye gari jipya, iwe traka, alamu au kamera, jua ni nani anapokea pesa. Kama ni sharti la ununuzi, omba kiingie kwenye ankara ya muuzaji na ulipe kwa akaunti ya biashara yake.

Kwa sevisi za kawaida mambo ni hayo hayo. Waranti nyingi zinataka gari lifanyiwe sevisi kwa wakati, mahali palipoidhinishwa, na ushahidi uwepo. Ukilipa kwa Paybill, pale pa namba ya akaunti andika namba ya gari au namba ya kadi ya kazi, kama karakana inakubali. Till haina nafasi hiyo. Malipo yataonyesha jina la biashara na kiasi, lakini hayatasema ni ya gari gani. Ukilipa kwa Till, hakikisha risiti unayopewa ina namba ya gari, kisha andika juu yake msimbo wa muamala. Usifute meseji. Na kwa kuwa simu huibwa na huanguka kwenye maji, omba taarifa ya akaunti yako mara kwa mara na ujitumie kwa barua pepe.

Kuna ombi moja ambalo likija, uwe macho: “Nitumie kwa namba yangu nikufanyie haraka.” Linaweza kutoka kwa mtu aliyevaa ovaroli yenye nembo ya kampuni, na pengine kazi ataifanya kweli. Lakini pesa hiyo haimo kwenye vitabu vya kampuni. Kelele ikirudi wiki ijayo, kwa karakana hukuwahi kufika. Kazi ya waranti hailipiwi vipuri wala ufundi. Linaloweza kulipiwa ni muda wa kutafuta shida, ikibainika kwamba iliyokuwa inalia ni sarafu yako. Uliza mapema: “Ikionekana si waranti, nitalipa ngapi?” Jibu liandikwe kwenye kadi ya kazi kabla hujasaini.

Na wakikataa kabisa? Andika barua pepe kwa meneja, ukiambatanisha kadi zote za kazi, rekodi ya sauti na malipo. Kijitabu cha waranti kwa kawaida hueleza pia jinsi ya kumfikia mwakilishi wa mtengenezaji, na mtengenezaji huwa na maagizo ya kiufundi ambayo hutumia mawakala wake kuhusu shida zinazojirudia kwenye modeli fulani. Uliza kama modeli yako ina agizo kuhusu mlio huo. Swali hilo moja linaweza kubadilisha mazungumzo.

Sheria pia iko upande wako zaidi ya unavyofikiri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuutamka. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukidai fidia isiyozidi Sh1 milioni, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama hiyo haibanwi sana na kanuni za ushahidi kama mahakama nyingine. Kwa maoni yetu, kelele ya klipu moja haipaswi kufika huko. Ni mwendo mrefu kwa kitu cha saa moja. Lakini kutaja kwa upole kwenye barua pepe kwamba unaijua njia, hakudhuru.

Jambo la mwisho ni walaghai, nao wameshajua kwamba watu wana magari mapya. Unapigiwa simu na mtu anayejua jina lako na pengine hata modeli ya gari lako. Anasema waranti yako inakaribia kwisha, tuma ada kidogo aiongeze, au madai yako yamekubaliwa na kinachobaki ni Sh2,000 za kufungua faili. Akigundua unasita, anakuomba uthibitishe PIN yako ya pesa ili “malipo yarudi kwako.” Kata simu. Chukua kijitabu cha gari, tafuta namba ya kampuni iliyochapishwa mle, upige mwenyewe. Kama umeshatuma, wasiliana nasi mara moja ukiwa na msimbo wa muamala, kabla mpokeaji hajaitoa hiyo pesa kwa wakala. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu, kwa sababu sisi hatuiulizi kamwe.