Nukta Elfu Moja na Siku Kumi na Moja

Swali limetufikia kutoka Ifakara: mbu katika bonde la Kilombero bado wamejaa, na chandarua chenye dawa hakiwaui wote, basi kinapunguzaje malaria? Habari za madimbwi na mashamba ya mpunga tuziruke, zimo kwenye kila kipeperushi. Utamu uko kwenye hesabu, na hesabu hii huingia kwa macho upesi kuliko kwa kalamu. Tuweke nukta 1,000 kwenye skrini, kila nukta mbu jike aliyetoka kunyonya damu yenye vimelea. Vimelea huhitaji siku 11 hivi kukomaa na kufika kwenye tezi zake za mate. Kabla ya hapo anauma tu, haambukizi. Sekunde moja iwe siku moja, na kila siku zizimike nukta 15 katika kila 100. Sekunde ya 11 zinabaki 167. Turudie, sasa chandarua chenye dawa kipo, zizimike 30 katika kila 100: zinabaki 20. Kasi ya kufa imepanda mara mbili, waambukizaji wamepungua mara nane.

Ni kama mchuuzi anayetoka Mlimba kuja Ifakara na magunia 1,000 ya mpunga, njia ina vizuizi 11, na kila kizuizi kinakata 15 katika kila 100 ya mzigo uliobaki, si ule aliotoka nao. Akisikia makato yamepanda maradufu, atajiandaa kufika na nusu ya mzigo wa jana. Anashusha magunia 20, na akigeuka kutafuta wa kulaumu haoni, kwa kuwa hakuna kizuizi kimoja kilichomfilisi. Joto likipanda, vimelea hukomaa mapema: vizuizi vinakuwa 9, na kwa makato yale ya zamani magunia 232 yanafika salama.

Picha kama zile za nukta zinazozimika huitwa uhuishaji. Neno zuri, ila hapa linatukejeli: kuhuisha ni kutia uhai, na sisi kazi yetu ni kuzima. “Picha jongefu” lina unyoofu zaidi. Atakayesema huu ni mchezo wa watoto, kwamba 0.85 kwa kipeo cha 11 inatosha, hajakosea. Mtaalamu wa malaria George Macdonald alishaonyesha uzito wa umri wa mbu miaka ya 1950, bila skrini yoyote. Lakini kipeo kinakupa waliofika tu, hakikuonyeshi walikopotelea. (Mbu halisi hafi kwa kiwango kilekile kila siku, tuendelee.)

Tena wingi wa mbu unadanganya. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwatia mbu alama, wakawaachia na kuwanasa upya, wakaona mbu wa aina ya Anopheles funestus anaishi takribani mara mbili ya yule wa aina ya Anopheles arabiensis. Hiyo ni sababu mojawapo ya funestus, hata anapokuwa mchache, kubeba sehemu kubwa ya maambukizi bondeni, naye tayari ana usugu kwa dawa za vyandarua. Dawa ikidhoofika hadi kuzima nukta 20 badala ya 30 katika kila 100, zitakazofika siku ya 11 si 30, wala 40. Ni 86.