Bendera Tatu Nyekundu: Jinsi Bangladesh Inavyowaonya Watu wa Pwani

Bangladesh iko mahali ambapo mito mitatu mikubwa, Ganges, Brahmaputra na Meghna, inamwaga maji yake katika Ghuba ya Bengal. Sehemu kubwa ya pwani yake ni tope na mchanga ulioletwa na mito hiyo: ardhi tambarare ambayo mahali pengi haizidi mita chache juu ya usawa wa bahari. Visiwa huzuka na kumezwa ndani ya umri wa mtu mmoja. Kwa kuwa ardhi hiyo mpya ina rutuba, maskini wasio na shamba ndio wanaotangulia kuhamia huko, na ndio wanaotangulia kukumbwa na kimbunga.

Vimbunga vya ghuba hiyo vina misimu miwili: Aprili na Mei kabla ya mvua za monsuni, kisha Oktoba na Novemba zinapokwisha. Upepo wake huezua mapaa na kung'oa miti, lakini kinachoua watu wengi ni maji. Mgandamizo wa hewa unaposhuka katikati ya kimbunga, bahari huinuka kidogo, halafu upepo huyasukuma maji mengi zaidi kuelekea nchi kavu. Kwenye bahari yenye kina kirefu maji hayo hupata njia ya kurudi chini kwa chini. Kaskazini mwa Ghuba ya Bengal kina ni kifupi na pwani mbili zinazidi kukaribiana, hivyo maji hayana pa kwenda ila juu. Kimbunga kikitua wakati maji yamejaa, tena siku za bamvua, bahari huingia vijijini kwa kimo cha nyumba.

Ndivyo ilivyotokea usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, nchi ikiwa bado ni Pakistan ya Mashariki. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 300,000 na 500,000, na hakuna kimbunga kingine kinachojulikana katika historia kilichoua watu wengi kiasi hicho. Tazumuddin, kwenye kisiwa cha Bhola, ilikuwa na wakazi 167,000. Zaidi ya asilimia 45 yao waliangamia.

Kimbunga hicho hakikuja kwa siri. Setilaiti zilikiona na redio ilikitangaza. Uchunguzi uliofanywa baada ya maafa ulionyesha kwamba kama asilimia 90 ya wakazi wa eneo hilo walikuwa wamepata habari zake kabla hakijafika, ila ni takriban asilimia 1 tu waliokimbilia majengo imara. Sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Majengo yenyewe yalikuwa haba. Mtu aliyesikia tangazo jioni kisiwani, asiye na barabara wala chombo, alijua kuna hatari bila kujua bahari itapanda kiasi gani wala yeye akimbilie wapi. Ghadhabu dhidi ya serikali kuu ya Pakistan kwa uzito wake wa kutoa msaada ilichangia ushindi wa Awami League, chama cha Pakistan ya Mashariki, katika uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1971 vikazuka vita vya uhuru vilivyoizaa Bangladesh.

Taifa jipya halikuchelewa kulishughulikia jambo hilo. Mwaka 1972 Shirikisho la Vyama vya Msalaba Mwekundu pamoja na chama cha nchini humo, ambacho leo ni Hilali Nyekundu ya Bangladesh, walianzisha Mpango wa Kujiandaa na Vimbunga, na mwaka uliofuata serikali ikawa mshirika kamili. Uti wa mgongo wa mpango huo ni wahudumu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Leo wanazidi 76,000, katika vikundi 3,801 vya watu ishirini ishirini, wanawake kumi na wanaume kumi. Kila kikundi hulinda eneo dogo ambalo wahudumu wake hulijua nyumba kwa nyumba. Wamegawana kazi: wapo wa kutoa tahadhari, wa kusimamia makimbilio, wa kutafuta na kuokoa, wa huduma ya kwanza, na wa kugawa misaada.

Onyo lina njia yake. Idara ya Hali ya Hewa ya Bangladesh hufuatilia mgandamizo mdogo wa hewa unaojitokeza baharini, kwa setilaiti, kwa rada za pwani, na kwa taarifa za kituo cha kanda kilichopo New Delhi ambacho huhudumia nchi zote zinazoizunguka ghuba. Taarifa ikifika makao makuu ya mpango huo Dhaka, hutumwa kwa redio za mawasiliano hadi wilaya ndogo za pwani, na kutoka huko hadi kwa viongozi wa vikundi. Redio hizo zimedumu hata zama hizi za simu za mkononi kwa sababu minara ya simu huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuanguka.

Kilomita za mwisho ndizo zenye uzito kuliko zote. Mhudumu huvaa kizibao kinachoonekana kwa mbali, akapanda baiskeli akiwa na kipaza sauti cha mkononi na king'ora cha kuzungushwa kwa mkono. Msikiti hutangaza kupitia vipaza sauti vya adhana. Penye watu wengi, sokoni au karibu na shule, bendera nyekundu hupandishwa kwenye mlingoti wa mwanzi: moja hatari inapoanza kukaribia, mbili inapozidi, tatu inapokuwa kubwa kabisa na watu wanatakiwa kuondoka. Asiyejua kusoma huzielewa bendera, na aliye mbali na king'ora huziona. Kisha huanza kazi ya kubisha hodi. Wahudumu wanajua nyumba ipi ina mjamzito, ipi ina mzee asiyeweza kutembea, na ipi ina baba mkaidi aliyekataa kuondoka mara iliyopita. Mkaidi huyo hawezi kushawishiwa na afisa wa mjini. Hushawishiwa na jirani yake, ambaye naye ana mke na watoto wanaoelekea kwenye kimbilio hilohilo.

Bendera tatu ziliondoa pia tatizo la namba. Bangladesh ilirithi kutoka enzi za Uingereza mfumo wa ishara za bandarini unaohesabu hadi kumi na moja, na mfumo huo ulitungwa kwa ajili ya manahodha. Ishara ya 5, ya 6 na ya 7 zina ukali mmoja. Zinatofautiana tu kwa kueleza kama kimbunga kitapita upande mmoja wa bandari, upande wa pili, au juu yake. Ya 8, ya 9 na ya 10 ni hivyohivyo kwa hatari kubwa zaidi. Nahodha anayetaka kujua aelekeze chombo wapi hunufaika. Mkulima anayesikia kwamba ishara imepanda kutoka 5 hadi 7 hudhani hatari imeongezeka, kumbe ni ileile. Vikundi vya vijijini huzikusanya namba hizo katika ngazi tatu za bendera, na kwa kweli hiyo ndiyo tafsiri iliyookoa watu. Kuacha namba za manahodha ziendelee kusomwa redioni kwa wanakijiji ni kasoro iliyopaswa kurekebishwa miaka mingi iliyopita.

Mpango huo ulipata mtihani mkubwa tarehe 29 Aprili 1991, kimbunga kilipoipiga pwani ya Chittagong kwa upepo wa karibu kilomita 240 kwa saa. Tahadhari zilitolewa mapema na wahudumu walizunguka. Hata hivyo walikufa watu wapatao 138,000. Mara hii pengo lilikuwa kwenye makimbilio: majengo yalikuwa machache mno kwa idadi ya watu waliotakiwa kuhama, na mengi yalikuwa mbali.

Maiti zilipohesabiwa, jambo jingine lilidhihirika: wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume, hasa wale wa umri wa kulea. Mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, sari yake ikinasa na kumlemea majini, na mara nyingi hakuwa amefundishwa kuogelea. Wengine walingoja mume arudi atoe ruhusa ya kuondoka. Wengine waliona aibu kulala katika ukumbi mmoja uliojaa wanaume wageni, usio na choo cha kujisitiri. Onyo lilimfikia mwanamke huyo likiwa sahihi, lakini likamtaka atende jambo ambalo jamii yake ilikuwa imelifunga. Tangu hapo wanawake waliingizwa katika vikundi hadi kufikia nusu, kwa kuwa mwanamke huweza kuingia uani na kuzungumza na wenzake, na majengo mapya yakawekewa vyumba na vyoo vya wanawake.

Jengo la hifadhi la pwani hiyo kwa kawaida ni la zege, limesimama juu ya nguzo, na ghorofa ya chini imeachwa wazi ili maji yapite bila kuusukuma ukuta. Siku za kawaida huwa ni shule ya msingi. Matumizi hayo mawili yana faida kuliko yanavyoonekana: jengo linalosubiri kimbunga tu huoza, funguo hupotea na popo huhamia, ilhali shule hufagiliwa kila asubuhi na kila mtoto wa kijiji anaijua njia ya kuifikia hata gizani. Mifugo nayo ilihitaji jibu. Kwa familia yenye ng'ombe mmoja, huyo ndiye akiba yao yote, na wengi walikufa kwa kukataa kumwacha. Ndiyo maana hujengwa vilima vya udongo vinavyoitwa killa kwa ajili ya wanyama, na baadhi ya majengo yaliyojengwa baada ya mwaka 2007 yana njia ya mteremko ya kupandishia ng'ombe.

Matokeo yanaonekana katika idadi ya vifo. Kimbunga Sidr cha Novemba 2007, kilichokaribia kile cha 1991 kwa nguvu, kiliua watu wapatao 3,400. Mei 2020 kilikuja Amphan katikati ya janga la Uviko-19. Zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa, makimbilio yakaongezwa ili wasibanane, na waliokufa nchini humo hawakufika hamsini. Ni kweli hakuna vimbunga viwili vinavyofanana, na barabara, matuta ya kuzuia bahari, nyumba za matofali na misitu ya mikoko ya Sundarbans vyote vina mchango. Lakini tofauti kati ya mamia ya maelfu na makumi haiwezi kuelezwa bila wale wanaobisha hodi.

Sheria zilikuja nyuma ya uzoefu. Maagizo ya Kudumu kuhusu Maafa, yaliyotolewa kwanza mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 2010 na 2019, yanaeleza kila wizara, jeshi na halmashauri wafanye nini kabla, wakati na baada ya maafa. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ilipitishwa mwaka 2012. Mijini kazi ya uokoaji ni ya vikosi vya Zimamoto na Ulinzi wa Raia. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, raia wa kawaida walikuwa bega kwa bega na vikosi hivyo wakifukua kifusi, na umuhimu wa kuwafunza raia uokoaji ukaonekana wazi.

Mapengo yapo. Onyo linalotolewa bila kimbunga kutua hupunguza imani, na dawa yake ni kueleza baadaye kwa nini kimbunga kilikata kona. Tuta likibomoka, kuokoka usiku mmoja hakutoshi: Kimbunga Aila cha Mei 2009 kiliua watu wasiozidi mia chache nchini humo, lakini maji ya chumvi yalikaa mashambani muda mrefu na maelfu ya familia ziliishi juu ya matuta kwa miezi na miezi. Radi, ambayo Bangladesh iliiweka rasmi katika orodha ya maafa mwaka 2016, huua mamia kwa mwaka, wengi wao wakulima walio shambani, na haitoi siku tatu za kujiandaa kama kimbunga. Tetemeko la ardhi halitoi hata saa.

Kwa mafuriko ya mito hali ni tofauti, kwa sababu Kituo cha Utabiri wa Mafuriko, kilichoanzishwa mwaka 1972, huona maji yakija siku kadhaa kabla. Hapo ndipo jaribio jipya linafanyika. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, Hilali Nyekundu na serikali hukubaliana mapema juu ya kiwango cha utabiri. Kikifikiwa, fedha hutumwa kwa familia kwenye simu kabla mto haujafurika, kama ilivyofanyika kwenye bonde la mto Jamuna Julai 2020. Familia hununua chakula, hukodi mashua na kuhamisha mifugo wakati bei hazijapanda. Mara nyingine mto utaishia chini ya kiwango kilichotabiriwa na fedha zitakuwa zimekwisha kutumika. Gharama hiyo imehesabiwa ndani ya mpango tangu mwanzo, na familia haidaiwi kuzirudisha.