Programu Isiyokufa kwa Ishara ya 9

Fundi wa seva za Linux huijua hali hii. Programu imeganda. Anaipelekea ishara ya 15, inayoiomba ijifunge yenyewe, haisikii. Anapeleka ya 9, ambayo hakuna programu inayoweza kuizuia wala kuipuuza, na bado imo kwenye orodha. Wengi huirudia mara kumi, kisha huzima mtambo mzima. Kuirudia hakusaidii kitu, kwa kuwa ishara ya kwanza ilishafika.

Ishara haiigongi programu. Hupokewa na kiini cha mfumo endeshi, nacho huweka alama tu kwamba programu fulani ina ujumbe. Alama husomwa pale uzi wa programu, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji wake, unapotoka ndani ya kiini kurudi kwenye kazi zake. Kwa kawaida hilo halichelewi. Saa ya mtambo hukatiza uzi ulioko kazini. Kiini huhifadhi rejista zake na mahali ulipofikia, kisha huupa uzi mwingine prosesa. Uzi unaporudishiwa zamu hupita mlango uleule wa kutokea, na hapo alama husomwa. Ikiwa ni ya 9, nyuzi zote za programu hufa pamoja.

Sasa chukua uzi ulioomba data kutoka diski. Kiini huweza kuulaza usingizi ambao ishara haiuamshi. Kwenye orodha huonekana kwa herufi D. Si ukaidi. Diski imeshapewa sehemu ya kumbukumbu ya kuandikia, na uzi huenda umeshika kufuli linalosubiriwa na wengine. Ukitoweka katikati, data ya programu nyingine inaweza kuharibika. Diski isipojibu, uzi haupati zamu, haufiki mlangoni, na alama haina wa kuisoma.

Mwaka 2008, Linux toleo la 2.6.25 lilileta usingizi wa aina nyingine, unaovunjwa na ishara ya kifo pekee. Naona ni mojawapo ya marekebisho yenye busara zaidi katika kiini hicho, ingawa viendeshi vingi vya vifaa bado hutumia ule wa zamani.

Kwa hiyo ukiiona D imedumu, iache programu. Kagua diski, waya zake, au mtandao wa seva inayohifadhi mafaili. Jibu likirudi, programu itakufa papo hapo kwa ishara uliyoipeleka asubuhi.