Neptuni: Sayari Iliyonaswa kwa Hesabu

Sayari za Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zimejulikana tangu kale, kwa kuwa huonekana kwa macho matupu. Neptuni haimo miongoni mwao. Hiyo ni sayari ya nane na ya mwisho kutoka kwenye jua, wala haionekani pasipo darubini. Hata hivyo, kabla haijatambuliwa na jicho la mtu yeyote, mahali pake palikwisha kuandikwa kwenye karatasi.

Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari ya Uranusi huko Uingereza. Wataalamu wa nyota walipoipima njia yake, waliona kuwa haifiki pale ambapo hesabu ilitaka ifike. Ikadhaniwa kwamba ipo sayari nyingine, mbali zaidi, inayoivuta. Kama vile askari mzoefu amjuavyo mpitaji kwa nyayo zake, ndivyo Mfaransa Urbain Le Verrier alivyoiandama sayari hiyo kwa kalamu tu. Barua yake ilimfikia Johann Galle mjini Berlin tarehe 23 Septemba 1846. Usiku ule ule Galle, akisaidiwa na Heinrich d'Arrest, aliilinganisha mbingu na ramani mpya ya nyota. Wakakuta nyota moja isiyokuwamo ramanini, karibu na mahali palipotajwa, tofauti isizidi digrii moja. Hiyo ndiyo Neptuni.

Huko Uingereza, John Couch Adams alikuwa amefanya hesabu ya namna hiyo tangu mwaka 1845. James Challis wa Cambridge alianza kuitafuta Julai 1846, na mwezi Agosti aliiandika mara mbili katika daftari lake pasipo kuitambua, kwani hakukamilisha kulinganisha maandishi ya usiku mmoja na ya usiku mwingine. Kila ashikaye zamu na ajifunze hapo: habari iliyoandikwa isisomwe ni sawa na habari isiyoandikwa.

Je, sayari yenyewe ikoje? Upana wake ni karibu mara nne ya upana wa dunia yetu, na iko umbali wa kilometa milioni 4,500 hivi kutoka kwenye jua. Mwanga wa jua hutufikia sisi kwa dakika nane. Kuifikia Neptuni huchukua saa nne. Baridi yake hupita digrii 200 chini ya sifuri, na pepo zake huvuma kwa kasi ya zaidi ya kilometa 2,000 kwa saa. Rangi yake ni ya buluu, kwa sababu gesi ya metheni iliyomo hewani mwake humeza mwanga mwekundu. Siku yake ni saa 16 tu, lakini mwaka wake ni sawa na miaka yetu 165 hivi. Tangu ilipogunduliwa, ilitimiza mzunguko wake wa kwanza mwaka 2011.

Chombo kimoja tu kimepata kuipitia karibu, nacho ni Voyager 2 cha Marekani. Kiliondoka duniani mwaka 1977, kikafika huko Agosti 1989, baada ya safari ya miaka kumi na miwili.

Basi, mzazi, mwanao akirudi kutoka shuleni akinung'unika kwamba hesabu hazina faida, mketishe umsimulie habari za Neptuni.