Kwa Mwenye Ugonjwa wa Moyo, Sigara Moja ni Nyingi



Miezi ya Juni na Julai huku kwetu Njombe baridi huwa kali hata umande ukaganda majanini. Ndiyo miezi ambayo wagonjwa wetu wa moyo hupata taabu zaidi, na ndiyo miezi ambayo wavutaji husema sigara ni dawa ya baridi.

Baba mmoja wa Makambako, mpakiaji wa mbao, alikuwa na presha ya muda mrefu na moyo uliotanuka. Alivuta sigara 20 kwa siku. Nilimshauri apunguze, naye akatii. Aliporudi kliniki aliniambia kwa furaha: "Sista, sasa navuta moja tu, ile ya asubuhi ya kupasha mwili joto." Nilimpongeza na kumwandikia tarehe ya kurudi. Kabla ya tarehe hiyo kufika aliletwa usiku akiwa amekaa kitako ndani ya gari, hawezi kulala chali, miguu imevimba na anahema kwa shida.

Alipata nafuu. Sisemi kuwa sigara ile moja peke yake ndiyo iliyomlaza, kwa maana vidonge navyo alikuwa ameviruka siku kadhaa. Lakini pongezi yangu ilikuwa kosa, na leo napenda kulisahihisha.

Moshi hufanya nini moyoni?

Moyo ni pampu. Ukiwa mgonjwa, pampu hiyo imechoka na inahitaji kupunguziwa mzigo. Moshi wa sigara huuongezea mzigo kwa njia tatu.

Kwanza, nikotini iliyomo katika tumbaku huufanya moyo upige haraka na mishipa ya damu isinyae, hivyo presha hupanda. Vidonge ulivyopewa vinateremsha presha, na wewe unaipandisha. Ni sawa na kuvuta kamba pande mbili.

Pili, moshi una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hivyo moyo unafanya kazi zaidi, na chakula chake cha oksijeni kimepungua.

Tatu, moshi huharibu ngozi laini ya ndani ya mishipa na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Donge la damu likiziba mshipa wa moyo, sehemu ya moyo hufa. Likiziba mshipa wa ubongo, mtu hupata kiharusi.

Jambo hili linatuhusu sana. Katika hospitali ya taifa ya Muhimbili wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Katika kila wagonjwa 100, 45 walikuwa na ugonjwa uliotokana na presha. Mwenye presha anayevuta sigara anauchosha moyo ambao tayari unaelemewa.

Je, sigara huleta joto?

Hapana. Kwa kuwa mishipa husinyaa, damu inayofika kwenye vidole hupungua na vidole huzidi kuwa baridi. Joto analolisikia mvutaji ni la moshi kinywani tu.

Hapa niseme pia juu ya jiko la mkaa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ileile ya sumu, na watu hufa usingizini. Ota moto mahali penye hewa, kisha jiko libaki nje wakati wa kulala.

Kupunguza hakutoshi

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo yaliyokusanywa kutoka tafiti 141. Ilionekana kwamba mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku hubaki na karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyo nayo anayevuta 20. Kwa mwanamke ni karibu theluthi moja. Kwa hiyo anayepunguza amepiga hatua, lakini hajafika.

Habari njema ni kwamba kuacha kunasaidia hata baada ya kuugua. Matokeo mengine ya mwaka 2003 yalionyesha kuwa wagonjwa wa mishipa ya moyo walioacha kabisa walipunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi moja, wakilinganishwa na walioendelea. Asiseme mtu, "Nimeshachelewa."

Ugoro na kiko si kimbilio. Navyo ni tumbaku, na nikotini ni ileile.

Familia isaidieje?

Mgonjwa achague siku ya kuacha na aitangaze nyumbani. Siku hiyo pakiti, kiberiti cha mfukoni na kibao cha majivu vitolewe. Siku za kwanza atakuwa na hasira, usingizi utapungua na hamu itamjia. Mvumilieni, msimcheke. Hamu hupita baada ya dakika chache: anywe maji, atembee kidogo, azungumze na mtu. Akae mbali na kilabu cha ulanzi, maana wengi walioacha hurudia hapo. Akianguka, aanze tena kesho yake.

Asivute mtu yeyote ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa moyo au mtoto, hata dirishani. Asiyevuta anayeishi na mvutaji, hatari yake ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa karibu robo. Tena msimtume mtoto dukani kununua sigara. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18.

Vidonge visikatizwe kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavimeza.

Dalili za kuwahi hospitali

Maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkono au taya, jasho la baridi, kushindwa kulala chali, kuhema bila kufanya kazi, miguu kuvimba, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla. Msisubiri asubuhi, wala msiseme ni vidonda vya tumbo au ni mkono wa mtu. Mkifika, mweleze mganga ukweli wote kuhusu sigara. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, lakini ni safari ya kutwa kwa basi. Ulinzi wa kwanza uko nyumbani.

Baba yule wa Makambako alimkabidhi mke wake pakiti iliyobaki. Siku hizi asubuhi hupasha mwili joto kwa uji wa ulezi na koti zito, na tarehe zake za kliniki hazikosi. Kama nyumbani kwako yuko mgonjwa wa moyo anayebakiza sigara moja, msomee ukurasa huu jioni ya leo.