Fahamu: Vumbi la madini na afya ya watu wazima Lubumbashi

Tumezoea kuonywa kuhusu chumvi, sigara na pombe. Lubumbashi kuna hatari nyingine: vumbi la madini. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na bomba lake refu la moshi bado linaonekana mjini.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo: wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti, risasi na urani nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali. Vumbi hilo huvutwa kwa pumzi, na huliwa pia, pamoja na matembele yasiyooshwa vizuri au bukari iliyomegwa kwa mkono mchafu. Kobalti ikizidi huumiza mapafu na moyo. Risasi hupandisha presha na kuharibu figo.

Akili nayo huumia kazi inapokwisha. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na pamoja na mshahara zikaenda shule na matibabu ya familia. Kwangu, hilo ni suala la afya sawa na moshi.

Ukitoka mgodini, vua nguo za kazi nje na uoge kabla ya kumbeba mtoto. Usingizi ukipotea wiki nzima, mweleze daktari hilo pia.